Valvu ya tishu au ya chuma kwenye aota: ipi inadumu, na inadumu kwa nani

Nianze na jibu kabisa, maana najua wengine mnasoma hii mkiwa kwenye benchi la kliniki na daktari ameshawaambia nendeni mkajadiliane mrudi wiki ijayo na uamuzi. Mgonjwa akiwa na miaka 70 na kuendelea, wekeni valvu ya tishu, wala msigombane nyumbani. Akiwa chini ya 50, hana mpango wa kubeba mimba, na anapata kipimo cha INR (cha damu, kinaonyesha inachelewa kiasi gani kuganda) karibu na anapoishi bila kupoteza siku nzima barabarani, valvu ya chuma ndo inashinda. Hapo katikati, 50 mpaka 65 hivi, pamoja na wale vijana ambao INR kwao ni safari ya basi na nauli ya kukopa, ndo kwenye kazi yenyewe, na ndo sababu haya maandishi yamekuwa marefu.

Na msidhani ni sisi tu tunaosumbuka hapo katikati. Mwongozo wa Marekani wa 2020 unasema chini ya 50 chuma, juu ya 65 tishu, kati ya hapo mkae mzungumze. Wa Ulaya wa 2021 unasema kwa aota chini ya 60 chuma, juu ya 65 tishu. Kwa hiyo mtu wa miaka 55 akipasuliwa Boston anaambiwa achague, akipasuliwa Berlin anasukumwa kwenye chuma. Moyo ni ule ule.

Kinachobadilishwa ni nini

Valvu ya aota ni mlango wa mwisho damu inapotoka moyoni kwenda mwilini, una majani matatu membamba, unafunguka na kufunga kama mara 100,000 kwa siku, yaani karibu milioni 40 kwa mwaka. Kwetu huku unaharibika sana kwa homa ya rumatiki, ile inayoanza na koo la mtoto ambalo halikutibiwa. Wazee unaharibika kwa kalsiamu. Na kuna watu, mmoja au wawili katika kila mia, wamezaliwa na majani mawili badala ya matatu, hao mlango wao unachoka mapema.

Valvu ya tishu inatengenezwa kwa valvu ya nguruwe au kwa utando unaofunika moyo wa ng'ombe. Tishu inalowekwa kwenye glutaraldehidi, kazi aliyoianzisha Mfaransa Alain Carpentier miaka ya 1960 mwishoni, na ni ule ule mchezo wa kutia ngozi dawa isioze. Inabaki laini, mwili hauishambulii sana, huhitaji warfarini, ile dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote. Ila ni tishu iliyokufa, haijitengenezi, na ile dawa yenyewe inaacha sehemu ambazo kalsiamu inapenda kung'ang'ania. Miaka ikienda majani yanakakamaa, au yanachanika kwenye ukingo na damu inaanza kurudi nyuma. Hicho ndo tunaita kuchakaa.

Ya chuma, ambayo kwa kweli ni kaboni ngumu sana, ina sahani mbili nusu duara zinazofunguka na kufunga. Muundo huo ulianza kuwekwa kwa binadamu 1977 na St. Jude na umebaki hivyo hivyo mpaka leo. Kaboni haichakai kwa maisha ya mtu. Inaweza kuziba kwa damu iliyoganda, inaweza kuota kovu pembeni, inaweza kupata maambukizi, lakini kuchakaa hapana.

Hata maabara inaonyesha hilo. Kabla valvu haijaruhusiwa inawekwa kwenye mashine inayoifungua na kuifunga kwa kasi: ya tishu inatakiwa kuvumilia mara milioni 200, ya chuma milioni 400. Gawanya kwa milioni 40 kwa mwaka, tishu imethibitishwa miaka 5 na chuma miaka 10. Kinachotokea baada ya hapo kwa tishu unakijua kwa kufuatilia watu tu, na watu unawafuatilia miaka 20 ndo unapata jibu la miaka 20, hakuna njia ya mkato.

Namba, na jinsi zinavyodanganya

Valvu ya tishu iliyofuatiliwa vizuri kuliko karibu zote ni Carpentier-Edwards Perimount, ya ng'ombe. Pale Tours, Ufaransa, waliwafuatilia watu 2,659 waliowekewa kati ya 1984 na 2008. Waliokuwa na miaka 60 au chini wakati wa upasuaji, valvu ilikadiriwa kudumu miaka 17.6. Wa 60 mpaka 70, miaka 22.1. Baada ya miaka 20, ambao hawajapasuliwa tena kwa sababu ya kuchakaa: wale wa chini ya 60 asilimia 38, wa 60 mpaka 70 asilimia karibu 60, wa zaidi ya 70 asilimia 98.

Cleveland Clinic nao wana Perimount 12,569 za kuanzia 1982 mpaka 2011. Kwa wote kwa ujumla, waliotolewa valvu kwa kuchakaa ni asilimia 1.9 kwa miaka 10 na 15 kwa miaka 20. Ukichukua wa chini ya miaka 60 peke yao, inakuwa 5.6 na 46. Toronto, valvu ya nguruwe Hancock II, hadithi ni hiyo hiyo: wazee karibu wote wako salama kwa miaka 20, wa chini ya 60 ni chini ya theluthi.

Sasa mtu akisikia asilimia 98 anafurahi, na muuzaji anapenda sana uisikie hiyo. Hebu tulia kidogo.

Kwanza, mzee wa miaka 75 ili ajulikane valvu yake imefika miaka 20 inabidi afike 95. Wengi hawafiki, wanaondoka kwa kansa, kiharusi, figo, uzee tu, valvu ikiwa bado inafanya kazi. Hesabu inayotumika kwenye nyingi ya tafiti hizi inamtoa aliyefariki kwenye orodha na kuendelea kama vile angebaki angekuwa sawa na waliobaki. Kwa hiyo 98 sio uongo, ila inasema zaidi kuhusu urefu wa maisha ya mzee kuliko ugumu wa valvu. Kwa mzee hilo halina shida, yeye anachotaka ni valvu isimtangulie, na haimtangulii. Shida inaanza pale kijana anapoichukua namba ya mzee akaifanya yake.

Pili, nyingi zinahesabu kupasuliwa tena, hazihesabu valvu iliyochakaa. Mzee wa 86 eko yake, yaani ultrasound ya moyo, inaonyesha valvu imekaza kabisa, daktari anaangalia figo, anaangalia mapafu, anasema huyu hatumpasui. Kwenye takwimu huyo ni valvu iliyofaulu. Ndo maana siku hizi wamekubaliana kuhesabu kwa eko: presha ya wastani inayopotea kwenye valvu ikipanda kwa 10 mmHg au zaidi kutoka kipimo cha mwanzo na kufika 20 au zaidi, hiyo ni kuchakaa kwa kati, ikipanda kwa 20 na kufika 30 ni kuchakaa kukubwa. Ukihesabu hivyo kuchakaa kunaonekana mapema kuliko kwa hesabu ya kisu.

Tatu, na hii inawaumiza watu wetu zaidi: "chini ya 60" ya Tours sio kijana wako. Wastani wa umri kwenye lile kundi ni kama miaka 50. Wagonjwa wa rumatiki hapa kwetu wana 19, 26, 34. Jinsi mtu anavyokuwa mdogo ndivyo kalsiamu ya mwili inavyozunguka kwa kasi na kinga inavyokuwa kali, na valvu inakwisha haraka zaidi. Kwa mtu wa ishirini na kitu mkifikiria miaka 10 ndo mnafikiria sawasawa, na wapo ambao haifiki hiyo. Kwa hiyo dada wa 24 akiambiwa "hii inadumu miaka kumi na saba na nusu" aulize, kwa nani?

Ongeza na mengine yanayoiharakisha: figo zilizofeli na kusafisha damu, sigara, kisukari, presha isiyotulia, na valvu ndogo kuliko mwili wa mtu. Hilo la mwisho nitalirudia.

Upande wa chuma bei yake iko wapi

Ukishaweka chuma, warfarini ni ya maisha. INR inatakiwa kucheza kati ya 2 na 3 kwa valvu ya aota ya kawaida. Ikishuka damu inaganda kwenye sahani, inarushwa kichwani ni kiharusi, au valvu inakwama na hapo ni dharura ya masaa. Ikipanda unatoka damu. Hata kwenye nchi zenye kliniki nzuri, kila mwaka katika watu mia kuna mmoja au wawili wanatoka damu vibaya, na kiasi kama hicho wanapata damu iliyoganda. Kwa mwaka mmoja ni ndogo. Kwa miaka 40 ijumlishe mwenyewe.

Kipo kitu kinaitwa On-X, chuma pia, Marekani iliruhusu 2015 INR yake ishushwe mpaka 1.5 hadi 2 baada ya miezi mitatu ya kwanza, pamoja na aspirini, kwenye aota tu. Ni nafuu kidogo kwa kutoka damu lakini warfarini iko pale pale. Na tafadhali, vile vidonge vipya vya kuzuia damu kuganda visivyohitaji kipimo haviruhusiwi kwenye chuma. Walijaribu dabigatrani wakasimamisha utafiti kwa viharusi na kutoka damu, matokeo yakatoka 2013, wakajaribu apiksabani na On-X, ikasimamishwa 2022. Kwa hiyo mtu wa duka la dawa akikwambia "warfarini imeisha lakini hii ni bora zaidi", usimeze, piga simu kliniki.

Maisha ya warfarini mtaani yanakuwaje? Kidonge cha miligramu 5 unakikata nusu kwa wembe kwa sababu dozi yako ni 7.5 na duka lina cha 5 tu. Mchicha, kisamvu, sukuma wiki hukatazwi, unatakiwa ule kiasi kile kile kila wiki, sio mwezi mzima ugali na dagaa alafu ukienda kijijini unakula matembele asubuhi na jioni, INR itashuka. Ukiumwa tumbo ukanunua metronidazo INR inapaa, septrini nayo hivyo hivyo. Ukianza dawa za TB, rifampisini inaiangusha INR mpaka dozi inabidi ipandishwe sana, na ukimaliza TB ukasahau kuishusha ndo unatapika damu. Ile sindano ya diklofenaki ya mgongo kwenye zahanati, usikubali kabisa, mwambie nesi kabla hajafungua bomba. Na usiku chumba kikiwa kimya utasikia tik tik ya valvu kifuani. Wengine wanazoea, wengine mke ndo anashindwa kulala.

Hapo sasa turudi kwenye takwimu za wenzetu. Utafiti wa California uliotoka 2017, wagonjwa karibu 10,000, ulionyesha kwa aota watu wa 45 mpaka 54 waliowekewa tishu walikufa zaidi ndani ya miaka 15, asilimia 30.6 dhidi ya 26.4 ya chuma. Juu ya 55 tofauti ikapotea. Hoja nzuri ya chuma kwa walio chini ya 55, mimi naikubali. Lakini ni California, ambako mtu anatumiwa ujumbe akachome kidole akapate INR. Utafiti wa REMEDY wa wagonjwa wa rumatiki kwenye nchi 14, Kenya, Uganda na Rwanda zikiwemo, ulikuta kama robo tu ndo INR yao ilikuwa mahali pake. Robo. Faida ya chuma inatoka kwenye INR iliyokaa sawa, na bila hiyo mgonjwa ana chuma chenye hatari zote na faida nusu.

Mtu atasema basi wote tishu. Hapana, kwa sababu tishu kwa kijana maana yake umeshakubali upasuaji wa pili, na pengine wa tatu, na kifua kilichoshafunguliwa mara moja kinafunguliwa kwa shida zaidi, makovu yameshikana, damu inapotea, hatari ni kubwa kuliko mara ya kwanza. Nani atamfanyia? Taasisi ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili ipo tangu 2015, Tenwek ipo Bomet, Uganda Heart Institute ipo Mulago, upasuaji wa moyo sio tena lazima India. Ila foleni ipo na gharama ipo, na bima iliyolipa mara ya kwanza sio ahadi kwamba italipa baada ya miaka 12. Kwa hiyo ukiwa chini ya 50 swali langu kwako sio unataka valvu gani. Ni lipi kati ya haya mawili una uhakika nalo zaidi: kipimo cha kila mwezi kwa maisha yote, au upasuaji wa pili siku utakapohitajika?

Wanawake wanaotaka watoto

Hapa mizani inageuka. Warfarini inavuka kwenda kwa mtoto, na wiki ya 6 mpaka ya 12 ndo inaharibu viungo, hatari inakuwa ndogo zaidi kama dozi haizidi miligramu 5 kwa siku lakini haiishi. Ukibadilishiwa heparini kumlinda mtoto, valvu ya chuma ya mama ndo inabaki hatarini kuganda. Tishu inaondoa mgogoro huo wote. Kwa hiyo dada wa 24 wa juu pale ambaye hajazaa, tishu ni chaguo la heshima kabisa, mradi aambiwe waziwazi kwamba akiwa na thelathini na kitu, watoto wako shule ya msingi, atarudi mezani. Familia zinazonuna baadaye ni zile ambazo hili lilisemwa kwa nusu mdomo.

Ila angalizo moja ambalo watu hawaambiwi: kama moyo wako tayari unadunda ovyo, yale mapigo yasiyo na mpangilio yanayowapata wagonjwa wengi wa rumatiki, utahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda hata ukiwa na tishu. Umepata ubaya wa kuchakaa na ubaya wa dawa kwa pamoja. Hakikisha ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imeangaliwa kabla hamjachagua. Na ambaye hana tatizo hilo, tishu ya aota kawaida ni aspirini ndogo, na baadhi ya madaktari wanaongeza warfarini ya miezi mitatu mpaka sita ya mwanzo.

Tishu kwa tishu: jina lililoandikwa kwenye boksi lina maana?

Lina maana. Perimount na Hancock II zina miaka yao 20 mkononi. Magna Ease ni mtoto wa Perimount, muundo ni ule ule ulioboreshwa. Hizo ukipewa usiwe na wasiwasi na jina.

Trifecta ndo funzo. Iliruhusiwa Marekani 2011, ng'ombe, majani yameviringishwa nje ya fremu badala ya ndani, kwa hiyo inafunguka wazi sana na namba za eko za mwezi wa kwanza zilikuwa za kuonea wivu, madaktari wakaipenda hasa kwa wagonjwa wenye aota ndogo. Miaka ikaenda, majani yakaanza kuchanika mapema kuliko ilivyotarajiwa. Februari 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikatoa tahadhari na kampuni ikaiondoa sokoni. Mitroflow, nayo majani nje, ilisemwa hivyo hivyo kabla yake, saizi ndogo hasa. Ukiwa na Trifecta kifuani usikimbilie kutolewa, valvu nyingi zinaendelea kufanya kazi, ila eko ya kila mwaka usikose hata mmoja.

Na ndo maana naenda pole pole na Inspiris Resilia, inayotangazwa sana kwa vijana. Ilikuja 2017, tishu imetibiwa kuziba zile sehemu zinazovuta kalsiamu, na mpaka miaka 7 matokeo yake ni mazuri mno, karibu hakuna iliyochakaa. Nzuri. Lakini Perimount ya zamani nayo kwa miaka 7 ilikuwa karibu hakuna. Tofauti kama ipo itaonekana mwaka wa 12 na kuendelea, na wa kwanza kufika huko bado wako njiani. Kama bei ni ile ile, chukua. Kama inabidi muuze shamba kupata hiyo badala ya Magna Ease, mimi nisingeuza.

Nguruwe au ng'ombe? Kwa kudumu zinakaribiana, sio hoja kubwa. Hoja ni ya imani, na ukweli wagonjwa wengi wa Pwani na Zanzibar wanaona aibu kuuliza mpaka wako kwenye machela. Uliza mapema. Wanazuoni wengi wameruhusu ya nguruwe pale penye dharura, lakini kwa kuwa zinazotumika sana leo kwenye aota ni za ng'ombe, mara nyingi unaomba tu ya ng'ombe na mjadala umeisha. Na Mhindu naye ana haki ya kuuliza kwa upande wake.

TAVI, na ile valvu ndani ya valvu

TAVI ni tishu pia, imekunjwa kwenye bomba jembamba, inapitishwa kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, kifua hakifunguliwi. Alain Cribier alifanya ya kwanza Rouen, Ufaransa, Aprili 2002. Kwa kudumu, utafiti wa NOTION wa Skandinavia ulifika miaka 10: kuchakaa kukubwa asilimia 1.5 kwa TAVI, 10 kwa tishu za upasuaji. Inaonekana TAVI imeshinda, ila wagonjwa walikuwa 280 tu na wastani wa umri miaka 79, kwa hiyo ni jibu la wazee tena. Na imetengenezwa kushika kwenye mlango wenye kalsiamu, ambayo mlango wa rumatiki wa kijana mara nyingi hauna. Valvu peke yake Marekani ni karibu dola 30,000. Kwa wengi wetu mjadala wa TAVI kama valvu ya kwanza unaishia hapo.

Kinachotuhusu zaidi ni TAVI kama valvu ya pili: ile ya tishu ikichakaa, mpya inafunguliwa ndani yake. Madaktari siku hizi wanawaambia watu wa 55 "wekeni tishu sasa, ikichakaa tutapitia pajani". Inawezekana kweli, kama valvu ya kwanza ni kubwa. Ukiwa na saizi 19 au 21 (ni milimita), ukiingiza nyingine ndani nafasi inayobaki ni ndogo, presha inabaki juu na moyo unaendelea kuhema. Kwa hiyo mpango huo unaamuliwa siku ya upasuaji wa kwanza: muulize daktari bingwa, kama aota yangu ni ndogo, je utaipanua uniwekee 23 au zaidi? Akikwambia hapafanyiki kupanua pale, basi usiihesabu valvu ndani ya valvu kwenye mahesabu yako ya tishu.

Kuna njia ya Ross pia, valvu yako mwenyewe ya mapafu inahamishwa kwenye aota, ilianza London 1967, kwa vijana inatoa matokeo mazuri sana mikononi mwa wachache wanaoijua. Inahitaji valvu ya marehemu kuziba pale ilipotolewa, na kwa rumatiki madaktari wengi wanasita kwa sababu ugonjwa unaweza kuirudia. Nimeitaja tu.

Tukiwaweka watu kando kwa kando

Bibi wa 74, Moshi, kalsiamu: tishu, Perimount au Hancock yoyote. Itamtosha.

Baba wa 58, Tanga, dereva wa lori la masafa, wiki mbili hayupo nyumbani: kwa vitabu vya Ulaya angepewa chuma. Mimi ningesema tishu, saizi 23 kwenda juu, kwa sababu huyo INR hatapima na nyote mnajua hatapima.

Mwalimu wa 38, mwanaume, anakaa Kisumu mjini, mpole, anameza dawa zake kwa saa: chuma bila kusita. Tishu kwake ni upasuaji wa pili kabla ya 55 na uwezekano wa wa tatu.

Kijana wa 30, mkulima, kipimo cha karibu ni masaa matano na mvua ikinyesha barabara inakatika: hapa hakuna jibu zuri. Wengine watampa chuma kwa sababu ya umri. Mimi nauliza kwanza kama anaweza kuhamia kwa ndugu mjini au kama kuna kituo jirani chenye kile kimashine kidogo cha kuchoma kidole. Kikipatikana, chuma. Kisipopatikana, tishu, na akaunti ya akiba ianze mwezi ule ule anaotoka wodini.

Ukiwekewa yoyote, kuna kadi ndogo ya valvu utapewa, ina jina, modeli, saizi na namba ya valvu. Ipige picha, itume kwa watu wawili wa nyumbani. Ripoti ya eko ya kwanza, ya ndani ya miezi mitatu, itunze hiyo hiyo, ule mstari wa gradienti ya wastani (ile presha inayopotea kwenye valvu) ndo kila daktari atakayekuja ataulinganisha nao, bila huo hakuna anayejua kama 18 ya leo imepanda au ilizaliwa hivyo. Tishu kila mwaka eko hata kama unajisikia mzima. Ukianza kuhema ngazi ulizokuwa unapanda, miguu kuvimba, kulala mito mitatu, usingoje tarehe ya kliniki. Homa isiyoeleweka ya zaidi ya siku chache, tishu au chuma, damu ichukuliwe ya kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu kabla hujameza antibayotiki yoyote. Na ukienda kung'oa jino mwambie daktari wa meno una valvu, unapewa amoksisilini gramu 2 saa moja hivi kabla, kama huna aleji nayo.